Rinda la Pazia

Juzi binti yangu alinichukua twende Nakuru mjini kununua mapazia. Mimi sikuwa na haja nayo. Mapazia yangu ni ya zamani, ndiyo, lakini bado yanaziba dirisha. Akasema akina mama wa kanisa wanakuja kwangu Jumapili na yeye hataki kuaibishwa. Basi tukaingia dukani, na msichana wa duka akawa anatutandazia vitambaa juu ya meza, kimoja baada ya kingine, hadi akafikia kimoja kizito, cha rangi ya maziwa, chenye maua makubwa ya bluu. "Mathe, hii iko poa sana," akaniambia. "Nikukatie mita ngapi?" Uso ukanichoma kama mtu aliyeshikwa mkono ukiwa ndani ya chungu cha jirani.

Mimi nililelewa Dundori, rafiki yangu, kule juu kwenye baridi, katika shamba la mzungu mmoja aliyelima pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, na kufuga ng'ombe wa maziwa. Tuliishi kwenye laini, safu ya vibanda vya wafanyakazi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata ukisikia jirani akikohoa hujui ni wa upande gani. Kipande cha reli kiligongwa kuita watu kazini, akina mama wakashika vikapu kwenda kuchuma pareto, na sisi watoto tukabaki tukichimbua viazi vya jana kutoka kwenye majivu. Maziwa tuliyopewa yalikuwa yale yaliyokwisha kutolewa siagi, mepesi, ya samawati kidogo ukiyatazama vizuri. Tuliyapenda hivyo hivyo, kwani mengine hatukuyajua.

Nyanya yangu alikuwa dobi katika nyumba kubwa, ya yule mzungu na mkewe, memsahibu. Mikono yake ilinuka sabuni na makaa ya pasi, na hata leo nikipita mahali panapopigwa pasi ya makaa nageuka kumtafuta. Nililala naye kitanda kimoja. Kwa hiyo kila sala yangu ilipita sikioni mwake kwanza kabla ya kupanda juu.

Na mwaka ule nilikuwa na sala moja tu. Kanisa letu lilikuwa stoo ya kukaushia pareto. Tuliimba huku tukipiga chafya, na mwalimu wa Jumapili alitufundisha kwamba mtoto akiomba kwa imani atapewa. Wenzangu waliomba mambo ya heshima, mvua na afya. Mimi niliomba rinda la Krismasi. Niliomba kwa sauti, usiku baada ya usiku, na ukiniuliza kama nilijua nyanya anasikia, nitakuambia ukweli: nilijua.

Wiki ya Krismasi nyanya akaja na rinda amelishona kwa mkono, la rangi ya maziwa, maua ya bluu makubwa kama sahani. Ua moja lilikaa kifuani, lingine likanifunika mgongo wote. "Mungu amekusikia," akaniambia. Hakunitazama aliposema hivyo, lakini mtoto mwenye rinda jipya hachunguzi macho ya mtu.

Nilisimama kanisani siku ya Krismasi na kutoa ushuhuda. Nikawaeleza jinsi nilivyoomba na jinsi nilivyojibiwa, nikazunguka kidogo waone na mgongo. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu akasema, "Mnaona imani ya mtoto?" Nilirudi kuketi nikiwa nimejaa utakatifu hadi kooni. Niliwatazama wenzangu wenye kaptura za viraka na kuwahurumia kwamba hawajui kuomba. Nikikumbuka ile huruma yangu, hadi sasa natamani ardhi ipasuke.

Mvua za kupanda zilipokaribia, walikuja wahubiri wa wale ndugu waliookoka. Pengine umewasikia. Kwao kuokoka hakukuwa kuimba tu. Mtu alisimama mbele ya wote akataja dhambi yake kwa jina, na kama alichukua cha mtu, alikirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa tangu zamani, lakini juma lile hakula vizuri. Jumapili akasimama. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa rinda langu.

"Pale stoo ya memsahibu kuna mapazia ya zamani," akasema. "Niliambiwa niyafue, niyaweke. Moja sikuliweka. Ndilo hili mjukuu wangu amevaa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Macho yote yalihama kutoka kwake yakatua kwangu, na nikaliona rinda kama walivyoliona wao: pazia, lenye mikono. Nilijikunja nikafunika ua la kifuani kwa mikono miwili. Kabla hatujafika nyumbani watoto walikuwa wamekwisha kunipa jina. Dirisha. "Dirisha, fungua tuone nje!" Jina hilo lilinifuata hadi nilipoolewa.

Mama alilia, na si kwa ajili ya rinda. Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikitushuku sote, na kufukuzwa shambani hakukuwa kuhamia kwa jirani. Lori lilikuja, ukapakiwa na kuku wako, na mwisho wa safari haukuuchagua wewe. "Mama, ungetubu kwa Mungu, ukanyamaza," mama akamwambia. "Yeye hana lori."

Nyanya akamjibu polepole, "Mungu hajapotewa na pazia."

Kesho yake asubuhi alilifua lile rinda, akalitia wanga, akalipiga pasi kama la kwenda harusini. Mama alikuwa amekwisha kufunga sufuria zetu ndani ya blanketi, tayari. Nyanya aliniambia nifuatane naye, kwa sababu nami nilikuwa nimelivaa. Yeye alilibeba kichwani. Mimi nilijifunga kipande cha shuka, nikabaki nyuma sana, ili wanaochuma pareto wafikiri naenda kwingine. Wapi? Barabara ile ilifika nyumba kubwa tu.

Memsahibu alitoka mlango wa jikoni akiwa na unga mikononi. Nyanya akapiga goti. "Memsahibu, mimi naiba hii pazia yako. Sasa mimi narudisha. Kama wewe nafukuza mimi, ni sawa."

Memsahibu akaliinua kwa vidole viwili. Akaona mikono, akaona shingo iliyopindwa kwa uzi mwekundu, kwani mweupe ulikuwa umeisha. Mimi hakunitazama hata mara moja. Kisha akacheka, tena si kwa ubaya. "Wewe mzee mjinga kabisa. Mimi nafanya nini na hii? Weka kwa kikapu ya mbwa."

Hatukufukuzwa. Mama alifungua blanketi akapika uji, na laini nzima ikashukuru. Ni mimi peke yangu niliyeona afadhali lori lingekuja. Kila Jumatatu matandiko ya mbwa yalikwenda kwa dobi, na dobi alikuwa nyanya. Alilifua rinda langu kwa uangalifu uleule, akalianika kwenye waya, mikono miwili imetandazwa, nami nikaliona toka njiani. Siku moja nikashindwa. Nikamwambia tulichukue tu, mbwa hajui maua. Akasema, "Ni lake."

Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa likiniuma kweli. "Kwa hivyo Mungu hakunijibu?"

Nyanya aliendelea kukamua nguo hadi maji yakaisha. "Alikujibu. Alikuambia hapana. Mimi ndiye niliyekuambia ndiyo."

Shamba lile limegawanywa vipande vipande siku nyingi, na pareto imeondoka. Stoo ilibomolewa mabati yakauzwa. Nyumba kubwa wanafugia kuku. Nyanya amelala mahali ambapo leo ni shamba la viazi la mtu mwingine, na mwenyewe hajui. Kanisani wananiita mama wa imani. Hunipa vijana niwafundishe kuomba, nami huwafundisha vizuri, nikiwa na mifano mingi. Huu sijawahi kuutoa.

Pale dukani binti yangu aliniona nimekishika kile kitambaa. "Mum, unakijua?"

"Nilikuwa na rinda la kitambaa kama hiki nikiwa mdogo."

"Kumbe! Nani alikununulia?"

Nyanya yangu alisimama mbele ya stoo nzima ya watu, lori likiwa linamngoja. Mbele yangu walikuwa wawili tu, mmoja nimemzaa mwenyewe.

"Nyanya," nikamwambia. Kisha nikamwonyesha msichana wa duka kitambaa kingine, cha kahawia, nikasema kitafaa, akate hicho.