Swali Ambalo Nakhumicha Hakuuliza

Wazee wa mtaa wetu wa Waithaka, Nairobi, walikuwa na daktari wao, na sisi wengine tulikuwa watu wa kungoja kwenye foleni. Daktari hasa hakuwa. Nakhumicha alikuwa afisa wa kliniki, mzaliwa wa Bungoma, lakini mgonjwa akishapona nani hudai kuona cheti? Mzee akiingia, yeye husimama. Humkalisha kwenye kiti chenye mto, humsalimia kwa mikono miwili, kisha hupasha moto kiganjani kile kifaa cha kusikilizia moyo ili kisimshtue. Na mambo ya chumbani hakumwuliza kamwe mtu mwenye mvi. Alilelewa kwa watu ambao mke hakalii kiti cha baba mkwe wake, na kwake kila mwenye mvi alikuwa mkwe.

Vijana, hao aliwakaanga. "Mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia, kisha maswali yakafuata: umelala na nani, lini, umepimwa? Kijana mwenye kikohozi cha wiki mbili alitokwa na jasho kabla hajaona sindano.

Cucu Waceke, yaani Nyanya Waceke, alianza kuja mwaka wa 2004, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, Kibe. Alikuwa na miaka sitini na minane, mwenyekiti wa kina mama kanisani, na ng'ombe wake alimkama mwenyewe. Aliletwa na bintiye Becky, aliyefanya kazi katika ofisi moja Westlands. Mara ya kwanza ilikuwa mkanda wa jeshi, malengelenge ya moto yaliyomzunguka mbavu upande mmoja. Nakhumicha akasema hayo huwapata wazee, na hakusema uongo. Kisha zikaja homa za kuja na kwenda: taifodi. Kisha kuhara: taifodi hiyo hiyo imerudi. Kisha akakonda, akaanza na kusahau. Asubuhi moja alimkama ng'ombe maziwa yakaishia mchangani, ndoo iko jikoni. Becky alilia siku hiyo. Nakhumicha akamshika bega, akamwambia uzee haubishi hodi.

Siku moja ya Machi 2007 Becky alikwama kazini, na mama akaja peke yake kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Mzani ulisema kilo thelathini na tisa. Nakhumicha akamwomba afungue kinywa. Ulimi wote, hadi kooni, ulikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

"Umekunywa uji, cucu?"

"Sijaweka kitu kwa mdomo tangu jana. Kumeza inaniuma."

Akaukwangua kwa kijiti. Ulipobanduka, uliacha wekundu wa kidonda. Utando huo alikuwa ameuona katika vinywa mamia, ila vyote vilikuwa vya vijana wenye meno yao kamili. Akafungua faili, akaweka kidole gumba juu ya umri wa mgonjwa, akaanza kusoma upya. Mkanda wa jeshi. Homa. Kuhara. Kukonda. Kusahau. Bila ule umri, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeutaja ugonjwa huo. Na mara tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, palikuwa pameandikwa: uzee.

Nakhumicha akaitazama sakafu.

"Cucu, unisamehe. Wewe na Mzee Kibe... mlilala pamoja mpaka lini?"

Mama akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Hiyo swali nimengoja miaka tatu."

"Umengoja?"

"Mzee alikuwa na nyumba ingine huko Kawangware. Huyo mama alikufa, mtoto yake akakufa, halafu mzee mwenyewe. Mimi si mjinga, daktari."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje, na Becky amekaa hapo? Na wewe nikiingia unanisimamia kama mimi ni askofu, unanishika mikono mbili. Niliona aibu. Nikasema, yeye atauliza. Hao vijana unauliza, mimi nasikia nikiwa hapo nje kwa benchi."

Akakubali kupimwa virusi vya UKIMWI. Dakika kumi na tano walikaa wakikitazama kile kipimo kidogo mezani. Ilipotokea mistari miwili, alama ya kuwa anavyo, aliyelia alikuwa Nakhumicha.

Mama alimngoja amalize.

"Iko dawa ya mtu wa miaka yangu?" akauliza. "Maana mimi nilifikiria hamuulizi sisi wazee kwa sababu dawa ni ya vijana peke yao."

"Iko, cucu. Iko, na ni hiyo hiyo moja," Nakhumicha akasema, na kwa mazoea ya miaka mingi akainuka kumshika mikono.

Waceke akatikisa kichwa.

"Usinisimamie tena," akasema. "Kaa chini, uniulize yote."