Kidaraja Kilichosogea Kabla ya Tamasha

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya harusi na viatu vinavyong'aa. Msimamizi wa jukwaa, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Hapa tunavaa nyeusi tupu. Mtazamaji akikuona, kazi imekushinda." Nikarudishwa nyumbani, mtaa wa Mount Dennis, kubadilisha nguo. Ndivyo nilivyoanza ufundi wa jukwaa hapa Toronto, katika ukumbi wa muziki nilioutumikia mpaka mvi zikanijaa.

Ninyi vijana mnaoanza, jueni kuwa kazi yetu ni kupanga. Kila kiti kina alama yake sakafuni, kipande cha utepe wa rangi. Majira ya baridi tuliwasha mashine za unyevu tangu asubuhi, maana hewa ya vipasha joto hukausha mbao za ala mpaka zikapasuka. Na juu ya yote palikuwa na sharti moja: ala ya mtu haiguswi bila ruhusa yake. Ukiigusa kwa bahati mbaya, sema.

Aliyenifundisha hayo ni Kalonji, Mkongo aliyeishi Weston, mtaa wa jirani na wangu, kiongozi wa zamu yetu. Tulipanda basi moja kila siku, nikamzoea kama ndugu. Mimi nilikuwa bado kwenye majaribio, na mke wangu na watoto walikuwa Tanga wakisubiri karatasi za kuja. Niliamini kwamba kazi ikikatika, na karatasi zimekatika.

Jumapili moja mchana ikaja okestra ya ala za jadi za Kichina: fidla za nyuzi mbili, filimbi za mwanzi, ngoma kubwa, na mbele yao guzheng. Hiyo ni ala ndefu ya ubao inayolazwa juu ya miguu ya mbao, yenye nyuzi ishirini na moja, kila uzi umekalia kidaraja chake cha mti. Vidaraja havijagundishwa, mpigaji huvisogeza kutafuta sauti. Mpigaji, bibi wa makamo, alihangaika navyo kwa muda mrefu, kisha akaenda kupumzika.

Mimi nikaona vumbi chini ya nyuzi. Marehemu mjomba wangu alipiga kanuni kwenye kikundi cha taarabu, na kila Ijumaa nilikuwa namfutia vumbi kwa kitambaa. Kanuni nayo ni ala ya kulazwa, lakini daraja lake ni moja na halitikisiki ovyo. Basi nikajiona mjuzi. Kitambaa kikagonga kidaraja kimoja, kikateleza. Nikakirudisha kwa kukisia tu, nikakilinganisha na wenzake, nikaridhika.

Kalonji alikuwa akipanga viti, akaniona. "Utamwambia ule mama wa ala?"

"Kimekaa sawasawa," nikamjibu.

Katika kipande cha pili okestra ilinyamaza, bibi akabaki peke yake. Alipougusa uzi wa kidaraja kile, ukatoa sauti iliyopotoka. Nilikuwa kando ya pazia. Yeye hakusimama. Mkono wake wa kushoto ukakisukuma kidaraja, na mguso uliofuata ukatoka safi. Watu ukumbini hawakujua kitu. Mimi niliona kidevu chake kikitetemeka.

Baada ya tamasha bibi alilalamika, na msimamizi akatukusanya. "Nani aligusa ile ala?"

Nikafungua mdomo. Nikamfikiria mke wangu, nikaufunga.

"Ni mimi, shefu," akasema Kalonji.

Aliachishwa kazi siku ile ile.

Kwenye basi nilishindwa kumtazama. "Kwa nini umefanya vile?"

"Madamu yako anafika mwezi gani?"

"Wa nne."

"Basi, wacha. Mie niko peke yangu. Siku utapata nguvu, utasema."

Mke wangu akafika, na watoto. Nikathibitishwa, nikawa kiongozi wa zamu, mwisho nikakalia kiti cha yule mama msimamizi mwenyewe. Kalonji alipata kazi ya kupakua mizigo uwanja wa ndege mpaka mgongo ukamshinda. Kila mwaka nilijiambia nitasema, na kila mwaka nilikuwa na sababu. Niliwafundisha wengi lile sharti la kusema, na kila nilipolifundisha niliona haya.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mkurugenzi alinisifu kuwa sikuwahi kuharibu kazi hata mara moja. Hapo nikasimama, nikaeleza yote, nikamtaja Kalonji kwa jina lake mbele ya watu wote. Nilipomaliza nikadhani hatimaye nimelipa deni.

Kesho yake nikaenda Weston. Kalonji alikuwa ameketi dirishani, fimbo magotini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimesema. Mbele ya wote."

Akaiegemeza fimbo ukutani. "Ni vizuri. Na walikufukuza?"

"Hapana," nikasema. "Walinipigia makofi."