Siku Kompyuta ya Baba Ilipoomba Maji

Huu mkasa sijawahi kuusimulia wote, hata mke wangu anajua nusu tu, kwa sababu kila nikifika pale mama alipoinuka kwenye kiti nashindwa kuendelea, lakini leo wacha niutoe, mnicheke mkitaka.

Baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu, kwetu ni Kathonzweni, na mwaka mmoja baada ya kumzika tukakubaliana kufanya maombi pale nyumbani, watu wa kanisa waje, waimbe, wale, waende. Sisi watoto tulikuwa tumemnunulia mama televisheni kubwa, na mimi nikajitolea (hakuna aliyeniomba) kuiunganisha na kompyuta ya zamani ya baba, ili picha zake ziwe zinapita pale ukutani na nyimbo zikilia polepole. Nikawaambia nitaiwekea Linux, programu ya kuendesha kompyuta, ni ya bure, ni nyepesi, hata mashine iliyozeeka inaamka. Dada yangu Mwikali akaniuliza kama nimenakili vitu vya baba mahali pengine kwanza. Nikamwambia sifuti kitu, Linux naiweka kwa diski nyingine ndogo, ile ya baba itabaki vile ilivyo, na kunakili nitafanya baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo iliyonimaliza.

Alhamisi nikatoka kazini mjini Wote mapema nikaanza. Ile mashine haikuwa imewashwa tangu baba afe. Betri yake ya ndani ilikuwa imekwisha, kwa hivyo kila nikiiwasha tarehe inarudi miaka mingi nyuma, wakati baba angali hai anafundisha. Televisheni nayo ilikuwa inajiwasha yenyewe kila kompyuta ikiamka. Najua ni kawaida, ule waya unaoziunganisha ndio huiamsha, lakini ukiwa peke yako sebuleni, jua limewaka nje, kuku wenyewe wamenyamaza, halafu nyuma ya mgongo wako kioo kiwake na marehemu akutazame amevaa lile koti lake la kijivu, hiyo kawaida unaisahau. Mama alikuwa anapita mlangoni, anasimama kidogo, anaangalia picha, anaondoka. Tangu mazishi alikuwa ameacha kuongea sana, unamuuliza kitu anaitikia kwa kichwa.

Sasa picha zilikubali, sauti ikakataa. Nikaambia programu ya kucheza nyimbo ikusanye kila kitu cha kusikizwa kwenye diski ya baba, ikakusanya, nyimbo zinaonekana zinacheza, ule mstari unatembea, lakini televisheni iko kimya. Nilihangaika Alhamisi hiyo na Ijumaa nzima. Nikapandisha sauti kila mahali panapoweza kupandishwa, mpaka mwisho. Nikaandika zile amri za kompyuta nilizosoma kwa simu, nikazima, nikawasha. Kimya. (Nilikuja kuelewa nikiwa nimechelewa kwamba sauti ilikuwa inatoka vizuri kabisa, ila ilikuwa inatokea kwa kale katundu ka kuchomeka spika huko nyuma, ambako hakukuwa na kitu.) Jumamosi asubuhi nikachoka, nikaacha picha zipite na ile orodha iendelee kujichezea bila sauti, nikamwambia Mwikali ni afadhali hivyo, kuna heshima.

Watu wakajaa chini ya hema. Pasta akahubiri, halafu akatuomba tusimame kimya dakika moja tumkumbuke Mwalimu. Baada ya hapo kwaya ingeimba, na shemasi Nzioki, ambaye ndiye mwenye spika za kanisa, alikuwa ameambiwa na mtu (ni mimi, siku tatu nyuma, nikijigamba) kwamba muziki wa kufuatisha uko ndani ya kompyuta. Kwa hivyo tukiwa tumeinamisha vichwa, Nzioki akanyata akaingia sebuleni na waya wake, akatafuta katundu, akachomeka.

Tukasikia mtu akikohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mtu yeyote tu. Kila aliyekuwa pale aliwahi kuketi na baba, na baba alikuwa akikohoa mara mbili, anapumzika, halafu mara ya tatu. Spika zikakohoa mara ya tatu. Kiti kikalia, kama mtu anasogea. Halafu sauti yake, kubwa kuliko alivyowahi kuongea duniani, ikatoka pande zote mbili za hema:

"Mama Mutua. Niletee maji."

Hakuna aliyepiga kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, watu mia hivi wamesimama na hakuna hata mtoto analia. Na katikati ya kile kimya mama yangu, ambaye peke yake alikuwa ameachwa ameketi, akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akajifunga leso vizuri, akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, "Naja."

Akaelekea jikoni.

Hapo watu wakaanza kurudi nyuma. Shangazi yangu akaketi chini mchangani. Na spika zikaendelea, sasa ni sauti ya mama mwenyewe, ya zamani, ikimuuliza baba kwa nini hamwachi Mutua, yaani mimi, amtengenezee hiyo kompyuta, na baba akamjibu bila haraka, "Mutua akiishika ataiua. Huyo hapendi kuuliza."

Mbele ya kanisa lote. Nilijua ni rekodi, akili yangu ilishaelewa: baba alikuwa amewasha kinasa sauti cha kompyuta siku moja afanye mazoezi ya nyimbo, akasahau kukizima, kikanasa nyumba. Ningesema tu hivyo. Ningenyoosha mkono niseme samahani, ni mimi. Lakini aibu ilinisukuma, nikakimbia ndani, nikampita Nzioki aliyeganda na waya mkononi, nikang'oa kompyuta kwenye soketi ya stima kwa nguvu zote.

Mama akatoka jikoni na glasi ya maji. Akasimama sebuleni akaangalia kioo cheusi, akaniangalia mimi.

"Alikuwa anaongea," akasema. "Kwa nini umemkata?"

Chakula kiliachwa nusu. Sokoni Wote kuna watu mpaka leo wananiita yule aliyemfufua baba yake, na nimezoea. Jambo ambalo sijazoea ni kwamba diski ya baba haikuwaka tena. Inagonga ndani, tik, tik, basi. Fundi wa Machakos aliifungua akaniambia kwa upole nisipoteze nauli kurudi. Picha Mwikali alikuwa na nyingine. Sauti ilikuwa hiyo moja.

Siku hizi nikipewa hata simu ya mtu niitengeneze, kabla sijagusa chochote nanakili kila kitu mahali pawili, na watu wananiona mwoga, sawa tu. Lakini mama nikienda kumwona ananiuliza kama kompyuta imepona, hivyo hivyo, kama ni mgonjwa aliyelazwa, na mimi namwambia mafundi bado wanaiangalia. Nimeapa Jumapili hii nitamwambia ukweli. Niliapa pia Jumapili iliyopita, nikafika, nikakuta amehamishia kiti chake karibu na spika ndogo nilizomnunulia baada ya yale maombi, kama mtu anayesubiri kuitwa, nikanywa chai, nikaondoka.