Mume wa Kwenye Daftari

Mwaka ambao kipindupindu kiliingia Mtwara nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka mitatu ya ndoa, na nilikuwa na wivu. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii hunionea huruma, na huruma yao siitaki. Wivu huo haukuletwa na ugonjwa. Nilikuwa nao tangu zamani, ila ulikuwa hauna kazi ya kufanya.

Amri zilitangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari la Serikali. Chakula kilichopikwa ni marufuku kuuzwa. Hoteli zote zifungwe. Kila mtu ale kwake, na asikaribishe wageni kwenye sahani. Katika siku moja ile mitaa ya sokoni, ambayo saa saba mchana hupiti bila kukanyaga mguu wa mtu anayekula, ikawa kimya. Mabenchi yalipinduliwa juu ya meza. Muuza kahawa alizunguka mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Wahindi walifunga kamba kwenye milango ya maduka yao. Unasimama nje, unataja sukari, unaletewa, na hela unaidumbukiza kwenye bakuli la maji ya dawa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vipande vya papai alimwagiwa chokaa beseni zima, nasi tunaona. Barabara ya Mikindani iliwekwa kizuizi, na kwenye kivuko cha Kilambo hakuvuka mtu. Mji mzima ulilalamika, lakini mimi nilifurahi.

Nilifurahi kwa sababu ya mume wangu. Alikuwa fundi wa winchi bandarini, tumetoka naye Upare pamoja, na kila mchana alikula kwenye hoteli ya mama mmoja wa Kimakonde nyuma ya soko. Mama huyo sikuwahi kumwona, ila chakula chake nilikijua kwa kusimuliwa. Mume wangu anarudi jioni, anavua viatu, na kabla sijauliza lolote anaanza: leo kisamvu kilikuwa na karanga, leo ugali wa muhogo ulikuwa laini, leo kulikuwa na ming'oko, vile viazi vya porini. Mimi naye tunakula makande. Basi niliposikia hoteli zimefungwa nikasema moyoni, sasa utakula kwangu, bwana.

Shule nazo zilifungwa, kwa hiyo muda nilikuwa nao. Nikapika. Mchana wa kwanza hakuja. Jioni akaniambia bandarini wameamua kuwapa watu chakula huko huko, wasizurure mjini. Nikaamini. Wiki nzima niliamini, na sufuria ya mchana nikaimaliza mwenyewe.

Ndipo bwana afya akafika kwetu Chuno. Alikuwa kijana mgeni kutoka bara, anafuatana na balozi wetu wa nyumba kumi, anaandika kila nyumba ina walaji wangapi ili wagawiwe vidonge. Nikamwambia tuko wawili, mimi na mume wangu. Akauliza jina la mume na kazi yake. Akasimamisha kalamu, akarudisha kurasa nyuma.

"Huyu nimeshamwandika, mwalimu. Na vidonge vyake nimetoa. Yuko nyumba ya yule mama wa hoteli, mtaa wa tatu."

"Yuko kama nani?"

"Kama mume."

Balozi alitazama paa la nyumba yangu kana kwamba linavuja. Yule kijana, kwa adabu kabisa, akaniuliza, "Samahani, kwani wewe ndiye mke mdogo?"

Mimi, niliyefunga ndoa kanisani na kwaya mbili zikaimba! Ningeweza kusema kuna makosa, arekebishe, yakaisha hapo. Badala yake nikamwambia, "Niandike peke yangu." Akaandika, akanipa vidonge vya mtu mmoja, wakaondoka. Mume wangu aliporudi sikumuuliza kitu. Nilitaka kuona kwa macho.

Kesho yake saa saba nilikwenda mtaa wa tatu. Nyumba ilikuwa na ua wa makuti, na kabla sijafika mlangoni nikamsikia mume wangu.

"We mama! Leo chumvi umemwachia nani? Samaki huyu hata paka atamkataa!"

"Kama hutaki, inuka," sauti ya mwanamke ikajibu. "Unadhani nnakubembeleza?"

"Siinuki. Lete chumvi, na pilipili, na usininunie."

Wanaume wengine wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Nilisimama pale nje nikiwa nimeshika ukuti. Tangu anioe hakuwahi kuniambia chumvi imepungua. Hakuwahi kuniambia lete. Wivu nilioupata pale sijaupata tena maishani, na nimewahi kuibiwa mengi.

Nikaingia. Walikuwa wanaume wanne kuzunguka sinia moja, wote watu wa bandarini, na wote waliacha kutafuna. Mwanamke mwenyewe alikuwa jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mrembo, na kwa mrembo nilikuwa na maneno yangu tayari. Nikakuta mama wa makamo, umri wa mama mkwe wangu, nembo za Kimakonde zimechanjwa usoni, kanga imefungwa kifuani, jasho linamtiririka. Maneno yangu yote yakawa hayana kazi.

Alinitambua mara moja. Akafuta mikono, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu," akasema, mtu mzima yule.

"Mama, huyu ni mume wangu," nikasema.

"Nnajua, mwalimu. Nkewe ni wewe, nani asiyejua? Bwana afya aliwakuta wanakula. Akasema asiye ntu wa nyumba hii atoke. Sasa ningewafukuza? Mchele wameleta wenyewe, nazi wameleta wenyewe. Huyu nikasema kaka yangu. Yule njomba wangu. Yule nkwe wangu. Udugu ukaniishia, akabaki nmoja. Nikasema basi, huyu nme wangu. Yule kijana hata macho hakuinua."

Wenzake waliinama wasionekane wakicheka. Mume wangu alikuwa amesimama, mkono una mchuzi hadi kiwikoni. Nikamwambia twende kwa balozi.

Tulikwenda, yeye mbele mimi nyuma, na watu wa Chuno ambao hawakuwa na duka wala kilabu cha kwenda walikuwa wote vibarazani. Bwana afya alikuwa na meza yake kwenye kibaraza cha balozi. Akasikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mtu hali nyumba mbili. Hiyo ndiyo amri. Ukimtoa kule, kule asionekane tena na bakuli. Haya bwana, wewe mwenyewe sema, nikuandike wapi?"

"Kwa mke wangu," mume wangu akasema, bila kusita.

Kijana akaweka rula, akakata mstari, akageuza ukurasa akamwandika chini ya jina langu. Nilitazama kalamu hadi ikafika nukta. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo, na yule aliyekuwa akinisalimia nikamwitikia kwa sauti.

Kesho yake mchana alikuja kula kwangu. Nilipika samaki changu wa nazi na wali, na kwa makusudi kabisa sikutia chumvi. Hata punje. Kikopo cha chumvi nilikificha nyuma ya debe la maji. Nikamwandalia, nikakaa mbele yake, nikangoja anigombeze. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu: kama hutaki, inuka.

Alionja. Akaendelea. Alikula tonge kwa tonge, taratibu, mgongo umenyooka, hadi sahani ikabaki miiba. Akanawa, akajifuta, akasema, "Asante. Umepika vizuri."

"Chumvi je?" nikamuuliza.

"Inatosha."

"Haimo! Sijatia chumvi! Mbona husemi?" Nilikuwa nimesimama, na nadhani majirani walinisikia.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa. "Sikutaka kukuudhi, mwalimu," akasema.

Alikuwa akiniita hivyo tangu anioe, na siku zote nilidhani ni mapenzi.