Mbuzi Ndani ya Simu ya Bu Wartini

Bu Wartini, yaani Mama Wartini, hakuiogopa simu. Aliichukia tu, na sababu alikuwa nazo. Kwa miaka mitatu simu yake ilikuwa imejaa majina ya watu asiowajua: Yanto wa Pampu, Mkunga Mpya, Yule wa Kuku. Hakuyaandika yeye, yalijileta. Kwenye picha nako, katikati ya vitambaa vyake vya batiki alivyovichora kwa nta, kila wiki alikuta mbuzi. Mbuzi kalala, mbuzi anatafuna, mbuzi kakodoa macho kama anadai kitu.

Tena mbuzi mwenyewe alimjua. Alikuwa Jambul, mwenye kishungi cha manyoya kichwani, wa jirani yake Bu Kasmirah. Ni yuleyule aliyetafuna kitambaa cha kazi ya miezi minne kikiwa kinakauka kwenye kamba. Siku ile wanawake hao wawili walirushiana maneno mpaka uchochoro mzima ukatoka nje kusikiliza, na tangu hapo hawakusalimiana. Kwa hiyo Jambul alipotokea simuni, Wartini aliamini jirani anamtumia picha hizo ili amcheke. Alimfuta, tena kwa raha, kwa kidole chenye nta. "Potelea mbali, mlafi we!"

Mwaka huu binti yake, Ratri, alichumbiwa. Aliomba kitu kimoja tu: kitambaa cha harusi chenye ndege wa bibi yake, wale wa mikia mirefu waliojificha kwenye maua. Bibi, mama yake Wartini, alishafariki, na kitambaa chake cha asili kilichakaa mpaka kikachanikachanika, lakini Wartini alikuwa amewahi kukipiga picha kipande kwa kipande, picha arobaini. Alichora akizitazama, simu ameiegemeza kwenye kopo. Alipofika nusu ya kazi, simu iliteleza ikatumbukia kwenye pipa la nili. Ilitoka ya buluu, haipumui.

Alinunua nyingine, akaipeleka kwenye kibanda cha Mas, yaani Kaka, Trimo, fundi aliyewafungulia simu watu wote wa uchochoro ule.

"Nirudishie picha zangu, Mas."

"Nenosiri lako nini, Bu?"

"Nijue mimi? Si ulitengeneza wewe!"

Trimo akajikuna shingo. "Bu, usinipige. Zile siku mtandao ulikuwa na kwikwi. Nikaona nikimfungulia kila mtu akaunti yake nitazeeka hapa. Nikafungua moja."

"Moja ya nani?"

"Ya wote. Majina yenu, picha zenu, vyote sufuria moja. Akiweka huyu, anaona yule. Akifuta huyu, kwa yule kinafutika pia."

Wartini akaitazama simu mpya mkononi. Kwa hiyo wale mbuzi hakuna aliyewatuma. Walikuwa wanakuja wenyewe, na yeye alikuwa anawafuta kote kote.

"Na nenosiri?"

"Lilikuwa kwenye daftari. Daftari likaenda na mafuriko." Akaharakisha kuongeza, "Lakini kikiwepo kifaa kimoja ambacho bado kimo ndani ya akaunti, wewe ukijaribu kuingia chenyewe kitauliza. Mwenye nacho anabonyeza ndiyo, basi. Wengine wote walishabadilisha simu. Kimebaki kishikwambi kimoja."

"Cha nani?"

Trimo akatazama dari. "Cha Bu Kasmirah."

"Heri nichore kwa kubahatisha!"

Na kweli alirudi nyumbani akabahatisha. Ndege wa kwanza akatoka mnene, wa pili hana shingo, wa tatu ni bata kabisa. Ratri akainama kutazama. "Mzuri, Mak," akamwambia mama yake, kwa ile sauti ya mtu anayesifia chakula kilichoungua. Wartini hakuweza kuivumilia sauti ile. Akavua aproni, akaenda kupiga hodi.

"Nani?" Bu Kasmirah akafungua mlango, akashika kiuno. "Lo! Jua limetokea wapi leo?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba? Wewe?"

Wartini akaeleza yote: pipa, Trimo, sufuria moja. Kasmirah akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na kishikwambi amekifunga kwenye leso. Akakifungua. Ndege wote walikuwemo, picha arobaini, hakuna hata moja iliyopungua.

"Nilidhani unanitumia picha ili uniringishie," Kasmirah alisema. "Kila ukimaliza kitambaa, hiki hapa. Nikasema, mwanamke huyu hana haya."

"Sasa kwa nini hukuzifuta?"

"Nifute kazi ya mama yako? Ndiye aliyenifundisha kushika kalamu ya nta, macho yangu yakiwa mazima. Ningeanzia wapi?" Akashusha pumzi. "Wanaopotea ni wa kwangu tu. Jambul. Nikimpiga picha leo, keshokutwa hayupo. Sasa kafa, na sina hata moja. Fundi anasema kishikwambi kimezeeka."

Hapo Wartini angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na picha zilikuwa mbele yake.

"Si kishikwambi," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa namfuta. Nilidhani unanicheka. Nisamehe, Kasmirah."

Wartini, kwa kukosa pa kuweka mikono, akabonyeza simu yake kuomba kuingia. Kishikwambi kikawaka: Je, ni wewe unayejaribu kuingia? Ndiyo. Hapana. Kasmirah alikitazama mpaka kikazima chenyewe.

"Alikula kitambaa chako," hatimaye akasema.

"Cha miezi minne."

"Alikuwa mlafi, masikini." Akajifuta macho kwa leso. "Haya, jaribu tena. Kimezimika."

Wartini akajaribu tena. Safari hii Kasmirah alibonyeza Ndiyo kwa nguvu kama anayeua mdudu, na ndege wakaanza kuingia kwenye simu mpya, mmoja baada ya mwingine, na mikia yao.

Trimo alikuja kesho yake kujitolea kuwatenganishia akaunti. Wartini alimpa kahawa, akamwambia aende zake.

Wiki ya tatu akafika kwenye kona ya mwisho ya kitambaa cha Ratri. Pale, chini ya ua ambalo mama yake hakuwahi kulichora, akachora kwa nta mbuzi mdogo mwenye kishungi. Akampiga picha. Hata simu hajaiweka chini, sauti ya Kasmirah ikaja juu ya ukuta:

"Wartini! Pembe yake ya kushoto ilikuwa imekatika!"

"Najua! Bado sijamaliza!"

Hakuwa akijua. Akaipasha nta moto upya, akamkata mbuzi pembe.