Kosa la Kuwa Katikati

Asubuhi ile Mkurugenzi aliponiwekea karatasi mezani na kusema, "Ingiza hizi mbili, toa zozote mbili," nilipaswa kuweka kalamu chini. Sikuiweka. Mwishowe niliuliza tu kama anaitaka kazi kabla ya saa sita au baada ya chakula. Sasa nimestaafu, na bado nikikumbuka nilivyojibu upesi, nashtuka kama mtu aliyeshuka mtumbwini akidhani maji ni ya magotini, kumbe hakuna chini. Nawaandikia ninyi mnaoingia katika kazi ya kuandaa majarida ya sayansi, ili mjue ilivyofanywa wakati wetu, na mjue nilichofanya kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikushikiwa panga.

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua fizikia wala jarida. Nilikuwa na diploma ya sekondari, shati jeupe la kuazima na mwandiko unaosomeka. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa Bujumbura, ikipanga kurasa kwa niaba ya wachapishaji wa ng'ambo. Mkuu wa Chumba cha Usahihishaji, mzee mnene aliyevaa miwani mbili kwa zamu, alinikabidhi rula ya mbao.

"Hii ndiyo mashine yako," alisema.

"Na ordinateri, Mzee?" nikauliza, maana niliiona kompyuta mezani kwake.

"Ordinateri itakuja. Ile inapita mbio. Rula inakulazimisha usimame kwa kila mutu."

Nilidhani anatania. Alimaanisha orodha ya marejeo, yaani ile orodha mwishoni mwa makala ambamo mtafiti anataja kazi za wenzake alizozitumia. Tuliikagua wawili wawili: mmoja anasoma kwa sauti, jina, mwaka, jarida, ukurasa, mwenzake anafuata kwa rula kwenye nakala ya mwandishi. Jina likikosekana, mwenye rula anagonga meza. Nilikaa chumba kile miaka mingi, na mzee yule alipoondoka nilirithi kiti chake, si miwani yake.

Baadaye kampuni ilifungua tawi Rumonge, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa nafuu na waya wa intaneti ulikuwa umefika. Nilipelekwa huko nikiwa Shefu, yaani mkuu, wa Marejeo. Ofisi ilikuwa juu ya ghala la mawese, na hata sasa nikisikia harufu ya mawese mapya naona makaratasi. Kazi yetu kubwa ilikuwa jarida moja la fizikia ya plazma. Sitalitaja jina.

Plazma nilieleweshwa na binti yangu, Emeriyana, ambaye wakati ule alikuwa akisoma fizikia chuo kikuu. "Papa, gesi ukiipasha sana inapasuka ndani, inaanza kupitisha umeme. Radi iko plazma. Cheche ya yule anayechomelea vyuma bandarini, nayo ni plazma." Yeye mwenyewe alichunguza cheche ndogo zinazorushwa juu ya maji ili kuua vijidudu. Maji yake ya majaribio aliyachota katika ziwa letu, kwenye madumu, na mimi nilimbebea mpaka kwenye gari. Nilijisifu ofisini mpaka watu wakachoka. Emeriyana hivi, Emeriyana vile.

Kitu kingine ilinibidi nijifunze mwenyewe: kipimo cha ushawishi. Wanahesabu ni mara ngapi makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimetajwa mwaka huu katika marejeo ya watu wengine, halafu wanagawanya kwa idadi ya makala hizo. Namba ikipanda, watafiti hulikimbilia jarida. Ikishuka, hulikimbia. Na mtafiti naye huhesabiwa hivyohivyo: umetajwa mara ngapi? Nilipolielewa hilo niliduwaa. Orodha ile ya mwisho, ambayo wasomaji wengi hawaifikii, ndiyo iliyokuwa ikiamua nani apate maabara na nani arudi nyumbani. Niliduwaa, lakini sikuogopa. Ningeogopa, ingekuwa heri.

Mkurugenzi wa Uzalishaji alikuja siku moja kutoka Bujumbura, amepitia Gitaza na kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani, gari zima linanuka. Alifunga mlango wa ofisi yangu.

"Melkiori, iko kazi ndogo ya ziada. Namba ya jarida imeshuka. Wenyewe wanafikiria kupeleka kazi mahali pengine. Hizi hapa ni makala zao za karibuni. Kila barua fupi inayopita kwako, ingiza mbili."

Barua fupi ni makala ya kurasa nne tu, habari ya haraka ya utafiti. Haikuruhusiwa kufika ukurasa wa tano. "Hakuna nafasi, Bwana Mkurugenzi," nilisema. "Orodha imejaa mpaka chini."

"Basi toa zozote mbili."

"Na waandishi?"

"Si wanapelekewa nakala ya kukagua? Wakinyamaza, wamekubali. Melkiori, hakuna mutu anayejua kurasa kama weye. Ningempa nani mwingine?"

Msiseme njaa ndiyo iliyonisukuma. Ni lile neno, hakuna mtu anayejua kama wewe. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Na kwa kuwa nilijua kurasa kweli, niliifanya kwa ustadi. Kwenye matini, mtafiti huandika namba za marejeo kwenye mabano. Akitaja kazi nyingi pamoja huandika, kwa mfano, kumi na mbili mpaka kumi na sita. Ukitoa ile ya kumi na nne na kuweka nyingine mahali pake, mabano hayabadiliki hata kidogo. Mwandishi hupewa siku mbili kukagua, naye hukimbilia milinganyo na michoro yake. Hakuna anayefungua katikati ya furushi. Nikaweka kanuni: toa iliyo katikati ya mabano marefu, na iwe imetoka katika jarida dogo. Niliangalia namba na jina la jarida tu; la mwandishi sikulisoma. Kila badiliko liliandikwa kwenye fomu kwa namba tu: toa kumi na nne, ingiza hii. Chini, sahihi yangu.

Orodha zenyewe zilishikwa na Zuhura, mwanamke wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, hodari kwa rula kuliko mimi na mwenye mdomo usiofungwa. Fomu ya kwanza aliirudisha.

"Shefu, huyu tunamutoa kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kuwa katikati," nikamjibu. Chumba kizima kikacheka. Nilikiona kichekesho kizuri, nikakirudia.

Zuhura hakucheka. "Hata kwetu kwenye harusi, mutu akisha kualikwa hatumufuti kwa kuwa viti viko kidogo. Tunasogea."

"Hii si harusi, Zuhura."

"Minaona."

Alifanya kazi kwa sababu mkuu wake nilikuwa mimi. Hilo nalo liko juu yangu.

Tulingoja malalamiko. Hayakuja. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, hakuna mwandishi hata mmoja aliyeuliza, na ukimya ule ulinishtua kuliko ambavyo kelele zingenishtua. Watu hawa walipima vitu visivyoonekana kwa macho, na hawakuona jina limetoka kwenye ukurasa wao! Kisha likaja jambo la ajabu zaidi. Makala moja niliyoiingiza mara nyingi ilianza kutajwa na watafiti ambao hawakupita kwetu kabisa, katika majarida mengine. Waliiona kila mahali, wakaona ni aibu kutoitaja. Namba ya jarida ikapanda. Mkurugenzi alituletea Fanta na barua yenye orodha ya "makala zenye ushawishi mkubwa", na ile yetu ilikuwa ya juu kabisa. Mimi, ambaye sikuelewa hata muhtasari wake, nilikuwa nimeitia ushawishi ghorofani, juu ya mapipa ya mawese. Nilikunywa Fanta.

Wakati huo Emeriyana alikuwa amemaliza masomo na kutoa makala yake ya cheche juu ya maji katika jarida dogo, lile lililomkubali. Aliomba nafasi ya kuongoza maabara mpya ya kusafisha maji. Jopo la kuajiri lilitaka ushahidi kwamba kazi yake imewafaa wengine, yaani imetajwa. Alikuwa na matumaini, kwani mtafiti mmoja wa ng'ambo, aliyekutana naye mkutanoni, alimwambia kuwa kundi lake linamtaja katika kila barua fupi, na akaahidi kuipatia maabara hiyo vyombo. Emeriyana akatafuta jina lake katika barua hizo zilizochapishwa. Halikuwemo. Akanipigia simu.

"Papa, weye ndiye unajua hizi kazi. Jina linaweza kupotea njiani?"

Ningesema linaweza. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba linaweza. Lakini niliona fomu zangu machoni, nikaogopa kwa ajili ya kiti changu, wala sikufikiri hata mara moja kwamba swali lile linaweza kuwa na jibu mezani pangu. "Halipotei," nikasema. "Watakuwa wamekutoa wao wenyewe. Watu wa mikutano husema mengi."

Aliniamini. Alimwandikia mtafiti yule barua kali, akamwita mwongo. Yule bwana hakujibu, na ahadi ya vyombo ikaishia hapo.

Baada ya wiki chache Emeriyana alikuja Rumonge mwenyewe, hajaarifu. Mtu mmoja wa kundi la yule mtafiti, aliyemhurumia, alikuwa amempelekea rasimu walizotuma jaridani kabla hazijapangwa. Alipanda ngazi za ofisi na bahasha mkononi, akasalimia, "Amahoro," akaketi mbele yangu na kutandaza karatasi: rasimu upande huu, barua iliyochapishwa upande ule.

"Papa, nilimukosea yule mutu. Angalia. Hapa niko. Hapa siko."

Niliangalia. Mabano: kumi na mbili mpaka kumi na sita. Kwenye rasimu, mstari wa kumi na nne, Kaneza E. Kwenye jarida, mstari wa kumi na nne, ile makala ya Fanta.

Kwetu Burundi mtoto hachukui jina la baba yake. Binti yangu ni Kaneza, mimi siitwi hivyo, na ofisini nilimtaja kwa jina la ubatizo tu. Nani angejua? Ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa sekunde moja, na sekunde hiyo pia inanitia aibu.

Zuhura alikuwa amesimama na rula yake, akisoma juu ya bega la binti yangu.

"Weye ndiye Kaneza?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kaneza Emeriyana. Mutoto wake huyu."

Zuhura alinitazama mimi. Kisha akaenda kabatini, akatoa faili, akarudi na fomu nne. Hakuzitafuta sana, alikuwa akikumbuka jina lile, kwa sababu lilikuwa la Kirundi na alisikitika kila alipolitoa. Alizipanga mbele ya binti yangu moja moja. Toa kumi na nne. Toa tisa. Toa ishirini na moja. Toa kumi na nne. Sahihi yangu, sahihi yangu, sahihi yangu, sahihi yangu.

"Papa, hii iko sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Nilifanya kosa gani?"

Zuhura ndiye aliyejibu, polepole, bila kunitazama: "Mwanangu, tuliambiwa kosa lenu ni kuwa katikati."

Emeriyana alikusanya karatasi zake, zikalingana vizuri pembeni, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. "Murakoze, mama," akamshukuru Zuhura. Akashuka ngazi. Mimi nilibaki nimeshikilia meza, nasikia viatu vyake mpaka chini.

Jioni hiyohiyo nilimwandikia Mhariri Mkuu wa jarida, nikaambatisha kila fomu, za binti yangu na za wote wengine. Mkurugenzi alipigia simu ofisi akifoka, "Nani alikutuma? Na sahihi ni ya nani, yangu au yako?" Hapo alisema kweli. Yake haikuwemo popote. Jarida lilitoa masahihisho kwa herufi ndogo, majina yakarudishwa, na makala iliyokuwa ya juu ikaondolewa kwenye orodha ya sifa. Tawi la Rumonge lilifungwa, na nikastaafu kabla ya wakati bila mtu wa kuniaga. Zuhura sasa anauza vitambaa sokoni. Ananiitikia nikimsalimu, basi.

Masahihisho yalitoka baada ya jopo kuamua. Nafasi ya maabara alikuwa amepewa mwingine, mtu mzuri kwa habari nilizopata, aliyetajwa mara nyingi.

Ninyi mnaoanza, mtaambiwa kwamba mstari mmoja ni kitu kidogo. Mimi nilijua kila kitu kuhusu mistari: upana wake, nafasi yake, namna ya kuubana ukurasa usimwagike. Mzee wa miwani mbili alinipa rula ili nisimame kwa kila mtu. Nikaitumia kupima nafasi iliyobaki chini ya ukurasa. Kama ningekataa, Mkurugenzi angempata mwingine, huenda; lakini nisingekuwa mimi, na simu ya binti yangu ingepata jibu la kweli.

Emeriyana aliiacha fizikia ya plazma. Anafundisha hesabu shule ya sekondari huko Kabonga, karibu na mpaka. Nimemwandikia mara nyingi kumwomba radhi. Alijibu mara moja, kwamba amenisamehe, na kwamba nisiende kwake. Kila mwisho wa mwezi hupanda gari kwenda Bujumbura kwa mama yake mdogo, na njia ni hii moja tu, inayopita mbele ya nyumba yangu hapa Rumonge. Huwa naketi barazani. Gari husimama kwenye kona, abiria wengine hushuka. Uamuzi ule ulinigharimu binti yangu: anapita hapa, na hashuki.