Sinema ilikatika Bugwema, mama yangu akagoma kuondoka

Wakuu, salaam. Stori hii imenitokea mwenyewe, na kwa umri wangu huu sina cha kupata kwa kuongopa.

Nilikuwaga binti, naishi na mama kijiji cha ujamaa huko Bugwema. Wawili tu. Kaka yangu Magesa alikuwa kaenda vita ya Uganda, na barua zake zilikuwa zimekoma.

Jioni moja likaja gari la sinema. (Nyie wa simu janja, hamjui raha ya shuka jeupe ukutani!) Kawaida lilituoneshaga kilimo cha pamba na hotuba za viongozi. Mambo ya kweli tupu.

Siku hiyo wakaleta ya vita. Askari kajeruhiwa mguu, yuko msituni, wenzake wamemlaza chini wanaondoka. Jamaa wa maiki akatutafsiria: "Wanasema watarudi kumchukua."

Mara jenereta ikazima. Mafuta kwisha! Watu wakazomea weee, mwisho wakaanza kutawanyika.

Mama hakuinuka.

"Mama twende, imeisha."

"Haijaisha. Mtoto wa mwenzangu tutamwachaje peke yake?"

Dereva akacheka. "Mama, hayo ni maigizo."

"Na ile ya pamba ilikuwa maigizo?"

Watu wakaangua kicheko. Aisee, nikaona aibu. Nikaenda zangu nyumbani, nikamwacha amekaa pale chini anatazama shuka. Alirudi walipolikunja, akapita kulala.

Magesa hakurudi. Hata kaburi lake hatulijui.

Miaka ikapita. Nikiwa kazini Musoma mjini, nikaikuta sinema ileile ukumbini, na safari hii ikafika mwisho. Wenzake walirudi, wakambeba! Nililia mpaka jirani yangu akahama kiti.

Jumamosi nikawahi Bugwema. Nilimkuta mama anapepeta mtama.

"Mama, yule askari walimfuata. Alipona."

Akaendelea kupepeta, wala hakuniuliza askari gani.

"Mimi siku ile nilikaa naye," akasema. "Wewe ndiyo uliniacha."

Nikakaa chini kando yake, wakuu.

Mama alishatangulia. Niko hapa Nyakato, napika ugali wa mtu mmoja.

Nilichojifunza: mtu wako akigoma kuondoka mahali, usimwambie imeisha. Kaa naye, wanaocheka wacheke.

Nyie mlimwacha nani? Andikeni hapa, nitasoma yote. Sina haraka ya kwenda popote.